Mfalme wa Mapangoni: Kutenganisha Hekaya na Historia ya Dambulla

Mgeni anayepanda mwamba wa Dambulla, katikati ya Sri Lanka, husimuliwa kisa kimoja kabla hajamaliza ngazi. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, mfalme Valagamba aliangushwa na majeshi yaliyovuka bahari kutoka kusini mwa India. Akakimbilia porini, na watawa wa Kibuddha waliokuwa wakiishi katika mapango haya wakamficha kwa miaka 14. Alipokirudia kiti chake, akawalipa fadhila: mapango yaliyomsitiri akayageuza kuwa hekalu.

Sehemu kubwa ya kisa hiki ina mashiko. Mfalme huyo aliishi kweli, alipinduliwa kweli, na miaka 14 ya uhamishoni imetajwa katika vitabu vya kale. Utata unaanza pale tunapouliza kama alijificha Dambulla, na kama ndiye aliyeianzisha monasteri hii. Hapo jiwe linasema lake, kitabu kinasema lake, na hekaya ina njia yake. Kuzitenganisha sauti hizi tatu si kuwavunjia heshima waumini. Kwa maoni yangu, ukishazitenganisha ndipo unapoona kwa nini kisa cha mfalme huyu kimedumu kuliko wafalme wenyewe.

Tuanze na jiwe. Dambulla iko wilaya ya Matale, kilomita zipatazo 70 kaskazini mwa mji wa Kandy. Mwamba umechomoza zaidi ya mita 150 juu ya uwanda, na katika eneo lake yamehesabiwa mapango yapatayo 80 yanayohusishwa na watawa wa kale. Matano ndiyo yanayotembelewa leo, nayo kwa kweli si mapango matano. Ni uvungu mmoja mrefu chini ya jabali lililoinama, ambao watu waliugawa kwa kuta ukawa vyumba. Ndani mna sanamu 157, na michoro iliyofunika mita za mraba 2,100 za kuta na dari. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1991.

Watu wengi hukimbilia ndani kuona sanamu. Nashauri usimame kwanza nje, uinue macho. Kwenye paji la jabali, juu kabisa ya milango, utaona mfereji mwembamba uliochongwa kwa patasi kufuata ukingo wote wa mwamba. Unaweza kuupita bila kuutambua, lakini ndio uliofanya maisha ya utawa yawezekane mahali hapa. Maji ya mvua yanayoteremka juu ya jabali hayadondoki yenyewe yakifika ukingoni. Hung'ang'ania jiwe, hupinda nalo, hutambaa chini ya dari hadi ndani. Mfereji huyakatia njia, yakadondokea nje. Pango lenye mfereji hubaki kavu. Lisilo nao huwa dimbwi kila msimu wa mvua.

Na ukavu ulikuwa jambo la sheria. Kanuni za Buddha zinamtaka mtawa aache kutangatanga miezi mitatu ya mvua na kukaa mahali pamoja. Ubuddha ulifika kisiwani katika karne ya 3 KK, wakati mtawa Mahinda alipotumwa kutoka India ya mfalme Ashoka, na tangu hapo watawa wakahitaji pa kujisitiri. Pango lilifaa sana: halina kodi, halihitaji mbao, halichomeki. Wafadhili walikuwa wakilisafisha, wakichonga mfereji, wakijenga ukuta wa mbele, kisha chini ya mfereji, mahali ambapo maji hayafiki, wakiandika jina la aliyetoa. Maandishi ya namna hii kwa herufi za kale ziitwazo Brahmi yamepatikana zaidi ya 1,000 kisiwani kote. Ukiyasoma unakutana na machifu, wakulima wenye mali, mafundi, na wanawake waliotoa mapango kwa majina yao wenyewe. Wafalme wamo, lakini ni wachache kati ya wengi.

Andiko la Dambulla liko juu ya pango la kwanza. Linasema kwamba hili ni pango la mzee wa kitawa Dhammarakkhita, limetolewa kwa jumuiya ya watawa wa pande zote nne, waliopo na wasiokuwepo. Kisha linataja zama za mfalme Gamani Abhaya.

Hapa ndipo fundo lilipo. Valagamba, kwa jina lake kamili la Kipali, lugha ya maandiko ya Kibuddha, ni Vattagamani Abhaya. Lakini yupo mfalme mwingine maarufu zaidi, Dutugemunu, ambaye jina lake kamili ni Dutthagamani Abhaya, na yeye alitawala kuanzia mwaka 161 hadi 137 KK, zaidi ya miaka 30 kabla Valagamba hajashika ufalme. Gamani Abhaya wa mwambani anaweza kuwa yeyote kati ya hao wawili. Kama ni Dutugemunu, basi watawa walikuwa tayari wamejikita Dambulla muda mrefu kabla ya mfalme mkimbizi kuhitaji msaada wa mtu. Hata kama ni Valagamba, andiko halisemi kwamba alijificha hapa, wala kwamba yeye ndiye mfadhili. Linataja tu zama zake, kama sisi tunavyoandika mwaka. Jina linalopewa uzito ni la Dhammarakkhita, mtawa ambaye leo hana sanamu wala mchoro ndani ya hekalu.

Kuna jambo lingine ninaloliona zito. Herufi za Brahmi zilibadilika karne baada ya karne mpaka zikawa herufi za Kisinhala cha leo, na ikafika wakati mahujaji hawakuweza kuzisoma tena. Ni mwaka 1837 ambapo James Prinsep, akiwa Calcutta, alifaulu kuzifumbua. Kwa karne nyingi kabla ya hapo, watu walipita chini ya jina la Dhammarakkhita wakiona alama tu, alama za kale zilizodai kuelezwa na mtu. Hekaya ilijaza nafasi hiyo.

Sasa tugeukie kitabu. Mahavamsa, historia ya kisiwa iliyotungwa kwa mashairi ya Kipali na mtawa katika karne ya 5 au ya 6 BK, inamsimulia Valagamba kwa kirefu. Alitawazwa mwaka 103 KK. Miezi mitano baadaye mambo yakamwelemea: Brahmin (mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu) mmoja aitwaye Tissa aliasi upande wa kusini, na viongozi saba wa Kitamil wakashuka na majeshi yao katika bandari ya Mahatittha. Mfalme alishindwa vitani akatoroka kwa gari la kukokotwa. Gari likawa zito. Malkia Somadevi akakubali kushuka ili mumewe aokoke, na mfalme akamkabidhi kito cha taji. Mmoja wa viongozi wale akamchukua malkia akarudi naye India. Mwingine akaondoka na bakuli la sadaka la Buddha. Watano waliobaki wakatawala mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiuawa na aliyemfuata.

Na mfalme je? Kitabu kinasema alijificha kwanza katika msitu wa Vessagiri, ambako mtawa aitwaye Mahatissa alimpa chakula. Baadaye mtawa huyo akamkabidhi kwa mtu mmoja wa nchi ya milima, Tanasiva, na ni kwa Tanasiva huyu alikoishi miaka 14. Si pangoni Dambulla. Nyumbani kwa mtu.

Tena maelezo ya kitabu hayapendezi kama ya kwenye ngazi za hekalu. Malkia mwingine, Anula, aligombana na mke wa Tanasiva. Mfalme akachukua upinde akamuua kwa mshale mwenyeji wake, mtu aliyemlisha miaka yote hiyo. Baadaye akamuua pia waziri wake kwa kosa dogo la adabu, na maofisa wengine wakamkimbia. Mtawa mmoja ndiye aliyewapatanisha na mfalme wao. Ndipo jeshi likapatikana, Dathika, wa mwisho kati ya wale watano, akauawa, na Valagamba akatawala tena kuanzia mwaka 89 hadi 77 KK.

Je, tukiamini kitabu tumemaliza kazi? Hapana, maana kitabu nacho kina upande wake. Mwandishi wake alikuwa wa Mahavihara, monasteri kongwe kuliko zote katika mji mkuu wa Anuradhapura. Valagamba aliporudi alijenga monasteri mpya, Abhayagiri, akampa Mahatissa binafsi kwa kumshukuru. Wakuu wa Mahavihara wakamfukuza Mahatissa, mwanafunzi wake akaondoka na kundi la watawa, na kisiwa kikapata mpasuko wa kidini uliodumu zaidi ya miaka 1,000. Mtu wa Mahavihara anapoandika habari za mfalme aliyesababisha mpasuko huo, hasira za mfalme huyo hazitaachwa nje. Sisemi kwamba mauaji ya Tanasiva yalibuniwa. Ninasema tu kwamba msimulizi hakuwa na sababu ya kuyafunika.

Tuna basi andiko lisilomtaja mkimbizi, na kitabu kinachomtaja mkimbizi bila kumpeleka Dambulla. Basi mkimbizi na Dambulla walikutanaje? Jibu langu linaanzia nje ya Dambulla. Ukizunguka Sri Lanka utakuta hekalu baada ya hekalu la pangoni linalosema kwamba Valagamba alijificha hapo. Pilikuttuwa na Varana, wilaya ya Gampaha, zinasema hivyo, na ziko mbali na Dambulla. Haiwezekani awe aliishi miaka 14 katika kila pango. Lakini fikra iliyomo inaeleweka: pango lina mfereji wa kale, lina maandishi yasiyosomeka, lina watawa waliokuwepo tangu enzi, na katika wafalme wote wa vitabuni, huyu ndiye anayejulikana kwa kuishi mafichoni. Pango la kale likitafuta mfalme, humpata yeye. Pia kiini cha kisa kimehifadhiwa vizuri sana. Mtawa Mahatissa aliyempa mfalme chakula msituni ndiye aliyekua mpaka akawa jumuiya nzima ya watawa wa Dambulla, na Tanasiva, mlei aliyeuawa, akafutika. Kilichobaki ni deni la mfalme kwa watawa.

Deni hilo ndilo linaloonyeshwa ndani. Pango la pili, kubwa kuliko yote, lina urefu wa zaidi ya mita 50, na humo Valagamba amesimama katika umbo la sanamu iliyopakwa rangi, kati ya makumi ya Mabuddha. Kwenye chumba hichohicho maji hudondoka kutoka ufa wa dari, tone kwa tone, yakapokewa na chombo kilichozungushiwa uzio. Waumini wanasema hayajawahi kukauka hata wakati wa kiangazi, na kwamba yanaponya. Hayatumiwi ila kwa ibada. Mwamba una nyufa, na maji ya mvua hukaa ndani yake muda mrefu kabla ya kutoka. Lakini linganisha na mfereji wa nje: mahali ambapo kazi yote ya binadamu ilikuwa kuyazuia maji yasiingie, yale machache yaliyoingia yakapewa heshima ya pekee.

Pango la kwanza lina Buddha aliyelala, mita 14 kutoka kichwa hadi nyayo, aliyechongwa kutoka kwenye mwamba wenyewe bila kutenganishwa nao. Nyayo zimepakwa rangi nyekundu, na mwanafunzi wake Ananda amesimama miguuni. Hapa hekaya haimtaji Valagamba. Inasema mungu Vishnu alitumia uwezo wake kuyaumba mapango, na Vishnu mwenyewe yupo upande wa kichwani. Msomaji asishangae kukuta mungu wa Kihindu katika hekalu la Kibuddha: kwa Wabuddha wa Sri Lanka yeye ni mlinzi wa kisiwa na wa dini, si mpinzani wa Buddha.

Halafu kuna pango la nne, dogo, lenye stupa ndogo katikati, yaani kuba la kuhifadhia masalia matakatifu. Inasemekana ndani yake malkia Somadevi, ambaye hapa huitwa Somawathi, alihifadhi vito vyake. Umeona uzi unakotoka: kito cha taji alichokabidhiwa alipokuwa akishuka garini. Kitabu kinasema mfalme alimrudisha malkia kutoka India na kumjengea monasteri iliyobeba jina lake, lakini hakitaji vito vyovyote kuzikwa Dambulla. Wezi hawakungoja wanahistoria waafikiane. Waliivunja stupa ile kutafuta vito.

Baada ya Valagamba, hekalu lilipata mabwana wengine, na kila mmoja alijua anajiunga na kisa gani. Nissanka Malla, aliyetawala kutoka Polonnaruwa kati ya mwaka 1187 na 1196, alipaka sanamu dhahabu, akaacha andiko lake mwambani na sanamu yake mwenyewe katika pango lilelile la pili. Mwendelezo wa Mahavamsa unasema aliweka sanamu 73 za dhahabu. Tangu hapo Dambulla imeitwa mwamba wa dhahabu. Nissanka Malla alitokea Kalinga, nchi ya India, na maandishi yake sehemu nyingi yanatumia nguvu kubwa kuwaeleza watu kwa nini yeye ndiye anayestahili kutawala.

Anayenishughulisha zaidi ni Kirti Sri Rajasinha, mfalme wa Kandy kuanzia 1747 hadi 1782. Michoro mingi unayoiona leo ni ya wakati wake, kazi ya mafundi wa ukoo wa Nilagama. Walipaka juu ya jiwe udongo laini, kisha rangi nyekundu, njano, nyeupe na nyeusi, bila kulisawazisha dari kwanza. Mistari ya Mabuddha hupanda na kushuka kila jiwe linapovimba na kubonyea, mpaka macho yanaona kitambaa kilichotandazwa juu. Kirti Sri alitoka ukoo wa Nayakkar, wenye asili ya kusini mwa India, waliokulia katika Uhindu. Mwaka 1753 alileta watawa kutoka Siam (Thailand ya leo) kufufua daraja la utawa lililokuwa limekatika kisiwani, na hakuna mfalme wa Kandy aliyeufanyia Ubuddha zaidi ya hapo. Hata hivyo mwaka 1760 baadhi ya wakuu, wakiwamo watawa, walipanga kumuua, na hoja mojawapo ilikuwa ugeni wake.

Sasa tazama dari ya pango la pili. Dutugemunu yuko vitani akimshinda Elara, mfalme aliyetoka kusini mwa India. Chini amesimama Valagamba, aliyewaondoa watawala waliotoka huko huko. Kirti Sri, mfalme wa asili ya huko huko, alihifadhi visa hivyo, kisha akajenga pango la tatu akaweka sanamu yake humo. Kwangu hili linaeleza zaidi kuliko andiko lolote kazi ambayo hekaya ilikuwa ikifanya. Haikuuliza damu ya mfalme ilitoka wapi. Iliuliza kama anawatunza watawa na kama anayatunza mapango. Anayefanya hivyo anaingia katika safu ya Valagamba.

Waingereza walipouchukua ufalme wa Kandy mwaka 1815, safu hiyo ilikatika, lakini kisa hakikukatika. Mwaka 1848 gavana Torrington aliwatoza wananchi kodi mpya, zikiwamo za bunduki, mbwa na maduka, na wilaya ya Matale ikalipuka. Tarehe 26 Julai waasi walimpeleka kiongozi wao, Gongalegoda Banda, hadi Dambulla, na mkuu wa watawa wa huko, Giranegama, akamtawaza kuwa mfalme. Hakuwa na jumba la kifalme wala mji mkuu. Alichohitaji mbele ya watu wa Kandy ni watawa wa mapango yale kumpokea. Uasi ulizimwa katika siku chache. Banda alikamatwa, akachapwa viboko, akapelekwa uhamishoni Malacca.

Kisa hichohicho kinaweza kukamatwa kwa mpini mbaya. Kwa Kirti Sri, mtu aliyetoka nje aliingizwa ndani. Kwa wengine, pango la mfalme aliyewashinda wavamizi huwa mpaka wa kuwafukuzia majirani. Aprili 2012 umati uliokuwa na watawa mbele uliuvamia msikiti mjini Dambulla ukidai umesimama ndani ya eneo takatifu, ilhali Waislamu wa hapo walikuwa wakiswali ndani yake kwa miongo kadhaa. Andiko la mwambani halikuwawekea watu mpaka wowote, na inasikitisha kwamba eneo lililotunzwa na wafalme wenye asili ya ng'ambo litumike kuwaambia raia kwamba ni wageni.

Ubishi mwingine, wa miaka ya karibuni, unahusu watawa wa kike. Safu yao ilikatika Sri Lanka karibu na karne ya 11, baada ya vita vya Wachola, watawala wa kusini mwa India, na tangu hapo mwanamke aliyetaka maisha ya utawa aliishia kwenye kanuni chache bila kupewa daraja kamili. Machi 1998 wanawake 22 walipewa daraja hilo Dambulla, tukio la kwanza katika ardhi ya kisiwa kwa karne nyingi. Wakuu wa madhehebu makubwa walilikataa: safu ikishakatika, wanasema, hakuna aliyebaki wa kuipokeza. Wanaolitetea wana jibu kutoka historia. Katika karne ya 5 watawa wa kike wa Sri Lanka walivuka bahari hadi China na kuwapa daraja wanawake wa huko, na kwa msaada wa safu hiyo ya Asia Mashariki daraja limerudi. Wakuu hawajabadili msimamo, na Dambulla imeendelea kuwapa wanawake daraja.